Pembe Nilizofundishwa Nyuma ya Pazia

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Nalijua kuliko ninavyolijua jina la baba aliyenizaa, na nikilisikia likiitwa sokoni nainamisha kichwa kama niliyeshikwa na wizi. Lakini mimi ni mkamwana wake, na kwetu, kule milimani Kivu Kusini tulikotoka, mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja, hampi mgongo. Wasichana wa hapa kambini Nakivale wanacheka nikiwaeleza. "Mama, huku ni Uganda," wananiambia. Ndiyo, ni Uganda, nani amekataa? Haya yangu ilivuka mpaka pamoja nami, naye baba mkwe alivuka na ya kwake, tukaja kuishi nazo zote mbili katika nyumba moja ya udongo.

Siku moja kwenye kituo cha afya muuguzi aliniuliza jina la mkuu wa kaya. Nikamwambia ni baba mkwe. "Jina?" Nikamwambia ni yule mwalimu wa upande wa ziwani. "Nyabo," akaniita, kama wanavyowaita akina mama huku, "mimi nauliza jina!" Foleni nzima ikanigeukia. Nikamwomba mama aliyekuwa nyuma yangu alitaje yeye, naye kwa utundu wake akajifanya halijui, wakacheka mpaka mtoto niliyembeba akaamka akaanza kulia. Uso nilikuwa nauweka wapi? Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alitokea na dumu lake la maji kichwani, akalitaja lile jina kwa sauti ya kuita ng'ombe, kisha akaniambia, "Kwangu mimi ni mume, sina miiko naye."

Basi nitamwita Mwalimu, kama watu wote wanavyomwita.

Alikuwa na koti la kijivu ambalo mfuko wake mmoja ulikuwa mweupe kwa unga wa chaki, hata miaka ile ambayo hakuwa na darasa lolote. Neno lake lilikuwa moja: "Nani alikuambia?" Ukisema mvua itanyesha, nani alikuambia? Ukisema chakula cha mgao kitachelewa, nani alikuambia? Hakuuliza kwa ugomvi. Alitaka kujua umefikaje hapo ulipofika, hatua kwa hatua, na kama huna hatua, alikuwa anakuhurumia kabisa. Mama mkwe alichoka naye. "Huyu mtu," alisema, "nikimwambia ugali umeiva ananiuliza nani aliniambia. Ni ugali ndio uliniambia!"

Halafu Jumapili ukimkuta kanisani, yeye na ushemasi wake, anapita na kikapu akisema amina kwa kila kitu. Mchungaji angesema lolote, amina. Mama mkwe alimwuliza mara moja mbona huko haulizi nani alimwambia. Akajibu, "Huko najua nani aliniambia," akaendelea na uji wake.

Watu walimwita wakitaka kujenga. Alikwenda na kamba yake yenye mafundo, watu watatu wakaivuta, na pale chini pakatokea kona iliyonyooka mpaka mafundi wakakubali. Tulipojenga kanisa jipya la zone yetu, mtaa wetu wa kambi, ukuta mmoja ulikuwa umekwenda pembeni kidogo sana. Mchungaji akasema Mungu anatazama moyo. Mwalimu akajibu kwamba mvua haitazami moyo, na vijana wakaubomoa ukuta wakaanza upya. Lakini nyumba yake mwenyewe! Haikuwa na pembe mraba hata moja. Mlango ulifunga juu, chini ukaacha uwazi ambao kuku aliingia bila kubisha hodi. Watu walimtania: Mwalimu, hii nyumba uliipima kwa kamba gani? Hakucheka. Mara moja tu nilimsikia akimjibu mtu, kwa sauti ndogo, kwamba aliijenga wiki ile waliyofika, akiwa na njaa, na mikono yake haikuwa yake. Nilikuwa nachambua maharage nje, nikajuta kusikia. Ni vibaya kumsikia baba mkwe akijieleza.

Kule kwetu alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi, kwa Kifaransa. Kuna wakubwa leo huko waliopigwa rula na yeye. Alipofika hapa alikwenda kuomba kazi kwenye shule moja, wakampa kipindi cha kumjaribu. Kitoto kimoja cha jirani kilikuwa darasani humo, kikaja kutuhadithia yote kwa furaha ya watoto. Mwalimu alichora vizuri, kwa mkono mtupu, mstari kama umepigwa na kamba. Kisha akafungua mdomo aeleze pembe kwa Kiingereza. Akasema neno la kwanza, darasa likacheka. Akalisema tena, wakacheka zaidi, wakaanza kulirudia pamoja naye kwa sauti yake. Akaweka chaki mezani, akamshukuru mkuu wa shule kwa Kifaransa, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema neno la Kiingereza. Ofisa akimsalimu kwa Kiingereza, aliinama kidogo na kukaa kimya, watu wakadhani ana kiburi.

Huyo ndiye mtu ambaye mimi, mkamwana wake, nilitaka anifundishe.

Nilikuwa nimeacha shule katikati ya sekondari, tulipokimbia. Nikaolewa hapa hapa kambini, na mume wangu, mtoto wake, akaenda kutafuta kazi ya gereji Kampala. Ndipo nikasikia kwamba chuo kimoja cha ufundi Mbarara kinapokea wanawake kwenye kozi ya ujenzi, na kwamba kuna mtihani wa hesabu, hasa mistari na pembe. Sikulala vizuri. Nilitaka kile kitu mpaka nikaona aibu, mtu mzima mwenye mtoto anatamani shule kama anatamani nyama ya jirani. Nilimweleza mama mkwe tukiwa shambani. Naye akamweleza mumewe wakati wa chakula, mimi niko jikoni, nasikia kila kitu.

Mwalimu aliacha kula mpaka ugali ukapoa. Nilijua anachopima. Mwalimu hamfukuzi mwanafunzi. Na baba mkwe hakai na mkamwana wake mbele ya tablo moja, ubao mmoja, vichwa vimeinama pamoja, mkono huu unapita karibu na mkono ule. Hapana, hilo halipo.

"Weka kitenge kwa mlango wa jikoni," akamwambia mama mkwe mwishowe. "Yeye atakaa kule. Mimi nitakaa huku."

Hivyo ndivyo nilivyosoma jiometri. Kila alasiri baada ya shamba, kabla ya kuwasha moto, mimi nilikaa jikoni juu ya kigoda na kipande cha ubao mapajani, yeye sebuleni kwenye kiti chake kinacholia, katikati kitenge chenye maua ya njano. Mama mkwe alikaa mlangoni kabisa, pale pazia linapoishia, ambapo aliweza kutuona sote wawili, akichambua mchele na kutoa maoni.

Somo la kwanza lilikuwa mstari. "Chora mstari," sauti ikasema. Nikachora. "Umeanzia wapi?" Nikasema hapa. "Hapa wapi? Mimi sioni." Nikasema kushoto. "Kushoto kwa nani? Na umeishia wapi?" Nikasema kulia. "Basi hujachora mstari. Mstari hauna mwanzo, hauna mwisho. Kilicho na mwanzo na mwisho ni kipande. Kilicho na mwanzo tu, kikaenda bila kurudi, ni mwale. Bon. Anza tena."

Nilitoka jasho kana kwamba nabeba mawe. Kwa sababu ya lile pazia hakuna kitu nilichoweza kuonyesha kwa kidole. Sikuweza kusema ile ya juu, au hii kubwa hapa. Kila nukta ilitaka herufi, kila pembe ilitaka herufi tatu. "Kwangu hakuna juu," alisema. "Nipe majina." Fikiria, mtu ambaye siwezi kutaja jina lake, yeye ndiye ananidai majina siku nzima! Pembe kali, pembe butu, pembe mraba, na mbili zinazotazamana pale mistari miwili inapokatana, ambazo siku zote ni sawa. "Nani alikuambia ni sawa?" Nikasema wewe, baba. "Mimi si sababu. Nipe sababu." Nikaitafuta sababu, nikaipata mchana wa siku iliyofuata, nikipalilia, nikaachia jembe na kupiga kelele peke yangu. Majirani wakatazama. Aibu tena.

Na kulikuwa na sheria ya kusimama. Katika darasa lake la zamani, mwanafunzi akikosea kanuni husimama na kuisema upya tangu mwanzo. Sheria hiyo hakuiacha Kivu. Nikikosea, nilisikia, "Rudia." Halafu, "Umesimama?" Nami nilikuwa nimesimama kweli, peke yangu jikoni kati ya masufuria, ingawa hakuna aliyeniona ila mama mkwe. "Amesimama, amesimama," mama mkwe alijibu kwa ajili yangu. "Mtoto wa watu ana magoti, umwache akae."

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya mistari sambamba. Nilijiamini. Nikasema haraka haraka: mistari sambamba ni mistari miwili isiyokutana kamwe. Kiti chake kikalia mara moja. Nikajua nimeanguka, ila sikujua wapi.

"Inua macho," akasema. "Unaona boriti? Inaelekea ziwani. Sasa tazama chini, kizingiti kinaelekea barabarani. Virefushe vyote mpaka siku ya mwisho. Vitakutana?"

"Havitakutana, baba. Kimoja kiko juu, kingine chini."

"Ni sambamba?"

Nikatazama juu, nikatazama chini. "Hapana."

"Donc, umeacha neno. Rudia."

Nilisimama, nikarudia, nikaacha tena neno. Nikarudia, nikaongeza neno lisilo lenyewe. Machozi yalinitoka, naye hakuyaona, wala sikutaka ayaone, na hapo ndipo nilipoanza kulipenda lile pazia. Mama mkwe aliacha kuchambua. Hatimaye nikasema: ni mistari miwili iliyo kwenye bapa moja, yaani uso mmoja mnyoofu kama wa meza, isiyokutana kamwe. "Vuala," sauti ikasema. "Ukisahau bapa, umesahau yote." Mama mkwe akapumua. "Nyinyi wawili," akasema, "ndiyo hiyo mistari yenu. Miaka yote nyumba moja na hamjawahi kukutana." Nilitamani ardhi ipasuke. Upande wa pili nikasikia kikohozi, na sijui mpaka leo kama kilikuwa kikohozi.

Mtihani ulifanyika Mbarara. Karatasi niliiandika vizuri, nilijua tangu naiandika. Baadaye mkufunzi mkuu, mzee mwenye mvi, akaniita ofisini mwake nieleze majibu yangu kwa ubao. Mzee wa umri ule! Macho yangu yakaenda chini yenyewe. Nikachora, nikasimama upande ili nisimpe mgongo, nikaeleza yote kwa herufi nikitazama sakafu, bila kunyoosha kidole hata mara moja. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Wewe nyabo," akasema, "wewe nakariri tu kama kasuku. Hata hautazami hiyo pembe. Mwalimu yako nani?"

Nikafuta chaki vidoleni.

"Nauliza, mwalimu yako nani? Jina yake."

Nikasema ni baba mkwe. Akasema hilo si jina. Ningesema tu, sivyo? Neno moja, mji mgeni, hakuna wa kwetu pale. Halikutoka. Mzee akaiweka karatasi yangu kando. "Mtu ambaye hana jina ya mwalimu, huyo mimi najua. Alipewa majibu. Kuja na huyo mwalimu mbele ya Ijumaa. Kama hapana, nafasi yako napatia mwingine."

Nilirudi Nakivale nimejifunika kitenge mpaka puani. Nilimwambia mama mkwe jikoni, kwa kunong'ona, lakini nyumba ile haikuwa na kuta za siri. Sikumwomba Mwalimu kitu. Ningemwombaje? Asubuhi nikamwona uani amevaa koti la kijivu, amepiga viatu rangi.

Tulisafiri hivi: yeye kiti cha mbele na dereva, mimi nyuma kabisa. Tulipopita Kaberebere alinunua ndizi mbivu, akampa kondakta aniletee.

Ofisini mkufunzi alimtazama, akatazama lile koti. "Mzee, ni wewe? Haya, uliza yeye swali. Mimi nione."

Hapakuwa na pazia. Mwalimu akakigeuza kiti chake, akakaa akitazama dirisha. Mimi nikabaki na ubao. Nikalazimika kumpa mgongo, naye alikuwa amenipa wake, na mkufunzi katikati anatutazama kama wagonjwa.

"Chora pembetatu ABC," akasema kwa dirisha. "Thibitisha kwamba pembe zake tatu zinafanya mstari mnyoofu."

Nikachora. Nikasema: kwenye nukta A napitisha mstari sambamba na BC. Pembe B ni sawa na pembe inayokaa kati ya mstari huo na AB, kwa kuwa ziko ndani ya mistari miwili sambamba, pande mbili tofauti za AB. Vivyo hivyo kwa C. Sasa pale A zimekaa pembe tatu kwenye mstari mmoja, jumla yake nyuzi mia na themanini.

"Mzee, hata wewe hautazami!" mkufunzi akasema.

"Nimemsikia," Mwalimu akajibu.

Mkufunzi akakuna kidevu. "Sawa. Hiyo anajua. Lakini kwa darasa yetu hakuna Kiswahili, ni Kingereza. Nani atafundisha yeye hiyo? Wewe unajua?"

Nilidhani atainama na kukaa kimya, kama kawaida yake. Akasimama. Akaja mpaka kwenye ubao, akasimama ubavuni pangu, nikaona unga wa chaki mfukoni. Akaweka kidole kwenye pembe B, akafungua mdomo, akaisema kwa Kiingereza. Ilitoka vilevile kama yule mtoto wa jirani alivyotuigizia. Mkufunzi akauma mdomo asicheke, na nilimwona. Mwalimu naye alimwona. Akaendelea. Pembe kwa pembe, mstari kwa mstari, akatafuta maneno kama mtu anayetafuta viatu gizani, mpaka akafika mwisho. Mara moja alinigeukia, macho kwa macho, na mimi nikamwona usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa na hofu kama mtoto. Niliona aibu kwa ajili yake, aibu iliyonichoma kifua, kisha nikaona aibu kwamba nimeona aibu. Hiyo ya pili haijaniisha.

"Mzee, inatosha," mkufunzi akasema kwa upole. "Nyabo, utaanza."

Sasa nina chumba Nyamityobora, huko huko Mbarara, napanga na mwenzangu wa kozi, na kila likizo narudi Nakivale. Likizo iliyopita nilikuta mama mkwe amekishusha kitenge cha njano, amekifua, amekianika nje. Nikafikiri basi, yale yameisha, baada ya Mbarara kuna nini tena cha kuficha. Alasiri nikamsikia Mwalimu akimwambia mkewe akirudishe.

"Kwa nini? Si mlishaonana?"

"Kirudishe."

Nikachukua kigoda changu, nikakaa jikoni, nikangoja swali. Halikuja. Kiti kililia kidogo, kikatulia. Mama mkwe alikuwa mahali pake mlangoni, ungo mapajani, macho yake yanakwenda huku na huku.

"Mkamwana," Mwalimu akasema mwishowe, upande wake wa pazia. "Hayo maneno ya huko darasani kwenu. Unaweza kunifundisha?"

Nikakisogeza kigoda karibu na pazia. Kisha nikampa neno moja moja, nukta, mstari, pembe, naye akayarudia kwa sauti ya chini sana, ili jirani asisikie. Hakuna aliyecheka. Tulipofika mistari sambamba akasema ngoja, hiyo atajaribu yote mwenyewe. Akaisema polepole kwa Kiingereza: mistari miwili isiyokutana kamwe. Akangoja.

Alikuwa ameacha bapa.

Mkamwana hamkosoi baba mkwe. Ningeweza kusema vizuri, baba, tukaendelea, na nani angejua? Nikatazama boriti, nikatazama kizingiti. Mama mkwe akaacha ungo wake akanitazama, ingawa hakuelewa hata neno moja la tulichosema.

"Umeacha neno, baba," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Rudia."

Nikajifunika uso kwa viganja pale pale jikoni. Halafu nikasikia kile kiti kikilia, kirefu, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Mama mkwe aliniinamia, akaninong'oneza:

"Amesimama."